UZI: Vidio ya simu ilifika kwanza, sawa. Lakini nani anabaki na stori hadi mwisho?

Nyalenda B (mwanzisha uzi)

Wadau salaam. Kila mambo yakichemka hapa Kisumu najua mjadala utaenda wapi, mmoja atasema TV zilikufa, habari siku hizi ni TikTok na WhatsApp, mwingine atasema bila ripota aliyesomea kazi hizo zote ni porojo za mtaa. Wanabishana nani alifika kwanza. Mimi naona hiyo vita iliisha kitambo, raia alishinda, hakuna ripota anaweza kuwa Manyatta, Obunga na Nyamasaria saa moja, lakini mwenye simu yuko kila kona. Kinachoniuma ni kingine. Vidio ikishazunguka magrupu yote na watu wamehamia stori ingine, nani bado anapiga simu hospitali, nani anaamka kwenda kortini siku kesi inatajwa, nani anauliza ile ripoti ilifika wapi?

Wacha niwakumbushe kitu ambacho vijana wengi hapa mlisimuliwa tu. Januari 2008, fujo za uchaguzi zikiwa juu, kamera ya stesheni ya TV ya KTN ilimnasa polisi hapa hapa Kisumu akimfyatulia risasi kijana ambaye hakuwa na silaha, kijana akaanguka, polisi akamfikia akampiga teke. Nchi nzima iliona, dunia iliona. Polisi akashtakiwa kwa mauaji. Mwaka wa 2010 Mahakama Kuu ikamwachilia, na sababu ni kwamba bunduki iliyopelekwa kupimwa namba yake haikulingana na ile aliyokuwa amepewa kazini siku hiyo. Tulia kidogo ufikirie hapo. Picha safi, imepigwa na mtu wa kazi, si simu ya kutetemeka, na bado haikutosha, kwa sababu ushahidi ulipotea njiani mahali ambapo hakuna kamera ilikuwa inaangalia. Kwa hivyo nikiskia vijana wanasema tumesharekodi, haki itapatikana, roho yangu haitulii.

Na msinielewe vibaya, mimi sina chuki na habari za raia. Wakenya ndio tuliwafunza wengine hii kitu. Tarehe 30 Desemba 2007 serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, ukifungua TV unaona wanakuambia utulie na nje kwako kunaungua. Siku chache baadaye wakina Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia wakaanzisha Ushahidi, mtu anatuma SMS ama anaandika kwa tovuti, inawekwa kwa ramani, hapa kumechomwa, hapa kumeuawa, hapa barabara imefungwa. Hiyo programu baadaye ilitumika Haiti baada ya tetemeko la 2010 na nchi zingine nyingi. Lakini kuna kitu watu husahau wakiisifu: nyuma ya ile ramani kulikuwa na watu wanaosoma ripoti moja moja na kujaribu kuzihakikisha kabla ziwekwe. Haikuwa kila mtu atupe anachotaka. Hata ule uanahabari wa raia tunaojivunia ulikuwa na mhariri ndani yake.

Sasa nyinyi mnaonaje, hasa watu wa Nakuru na Western, kwenu nani anafuatilia?

Mama Pipeline

Ndugu Nyalenda umenigusa lakini nitakupinga kidogo. Mimi niko Nakuru, na ile usiku ya Solai, 9 Mei 2018, bwawa la Patel lilipopasuka likasomba watu na nyumba, nani alifika? Majirani. Usiku, mvua, matope, watu wanatafutana na tochi za simu. Walikufa zaidi ya 40, watoto wakiwemo. TV zilifika na magari yao na makoti ya mvua wakati watu wa pale walikuwa tayari wamebeba majeruhi kwa migongo. Kwa hivyo usiseme raia ni wa kuanzisha tu, pale raia alifanya kila kitu.

Halafu watu wa Nakuru tuko na historia yetu kwa hii maneno. Mnamkumbuka Chifu Francis Kariuki wa Lanet Umoja, Mungu amlaze pema, alituacha 2020? Huyo mzee alianza kutumia Twitter karibu 2011 wakati machifu wengine walikuwa bado wanapiga filimbi na kubandika karatasi kwa duka. Ng'ombe amepotea, anaandika. Mtoto hajarudi, anaandika. Kuna usiku wezi waliingia kwa nyumba ya mwalimu, chifu akatuma ujumbe, watu wakatoka manyumbani, wezi wakatoroka. Na hakukuwa na hizi simu janja kila mahali, watu walikuwa wanapata zile twiti zake kama SMS kwa zile simu ndogo za mulika mwizi. Hiyo si habari? Hiyo ni habari kushinda gazeti, gazeti lingekuja kuniambia kesho jioni kwamba jirani aliibiwa.

Koresponde wa Zamani

Mama Pipeline shikamoo. Hata mimi nakubali juu ya chifu, lakini angalia kwa nini ilifanya kazi. Kila mtu Lanet alijua huyo ni nani, ofisi yake iko wapi, na akikosea unaenda kumuuliza asubuhi. Alikuwa na jina. Sasa linganisha na peji haina jina, haina sura, leo inaitwa sauti ya mtaa kesho imebadilishwa jina inauza kampeni ya mheshimiwa.

Mimi nimeandikia gazeti na redio kutoka huku miaka mingi kwa hivyo wacha niwaambie venye kazi huenda, kwa sababu watu huona tu jina likitoka. Unasikia kuna maiti mtoni. Unaenda. Unauliza walioiona, unauliza mzee wa mtaa, unampigia OCS, yule mkuu wa kituo cha polisi, hashiki, unaenda kituoni unasubiri kwa benchi, unaenda mochari. Ukiandika, mkuu wa ofisi anauliza umejuaje jina, familia imeambiwa? Kama kuna mtu anatajwa vibaya lazima umtafute aseme upande wake. Inaenda kwa mhariri Nairobi, kama ni nzito inapita kwa wakili. Ndio maana tunachelewa. Na familia imeambiwa si swali dogo. Ajali zikitokea kule Salgaa ama Sachang'wan siku hizi, kuna mama anajua bwana yake amekufa kwa sababu ameona shati lake kwa picha ya WhatsApp, hata kabla polisi wafike. Nimekaa na mama kama huyo. Hakuna laiki inaweza kulipa hicho kitu.

Lakini sitaficha upande wetu pia, kwa sababu hapo ndio ukweli uko. Koresponde hana mshahara, analipwa kwa stori ikitoka, isipotoka nauli ni yako. Fikiria sasa, stori ya kufuatilia pesa za kaunti inachukua wiki kadhaa na inaweza kuuliwa dakika ya mwisho, stori ya mheshimiwa akitoa basari inaandikwa saa moja na kuna chakula, gari la kukubeba na bahasha ya pesa. Utaandika gani na mtoto amerudishwa nyumbani karo? Hiyo bahasha imeua habari mashinani kuliko simu zote za dunia. Na juu huko ni hivyo hivyo kwa kiwango kikubwa, vyombo vinaishi kwa matangazo, na mmoja wa watoaji wakubwa wa matangazo ni serikali. Machi 2024 serikali iliagiza matangazo yake ya redio na TV yapelekwe KBC pekee, chombo cha serikali yenyewe. Matangazo yakipungua vyombo vinapunguza watu, na wanaanzia ofisi za mashinani. Mnauliza kwa nini ripota haji mapema jambo likitokea mashinani, mwingine aliyekuwa huko alipewa barua ya kwenda nyumbani.

Wuod Nyando

Koresponde umesema yote lakini kuna moja umeruka, hizo TV zenu zinakula jasho letu. Mimi niko Ahero, mto Nyando ukivunja kingo ni sisi tunasimama ndani ya maji kuchukua vidio, jioni unaona vidio yako kwa habari ya saa moja imeandikwa "kwa hisani ya mitandao". Mitandao ni nani? Mitandao iko na mama? Iko na shamba la mpunga limeenda na maji? Hata kupiga simu kuuliza ni nani alichukua hawapigi, na ndio hao wanasema wao ndio wanahakikisha habari. Kama hukuniuliza mimi niliyesimama pale umehakikisha aje?

Na hapo hapo naomba watu wetu pia, kila msimu wa mafuriko kuna mtu anachukua vidio ya mafuriko ya nchi ingine anaandika hii ni Nyando sahii. Watu wa msaada wanapiga simu wanauliza hapo ni wapi, hakuna mahali kama hapo. Siku ingine ukisema kweli maji yamefika kwa shule hawakuamini tena.

Nyalenda B

Wuod Nyando, omera, hiyo ya "kwa hisani ya mitandao" ndio imenifanya nirudi haraka. Umesema kitu kizito sana. Kutaja jina la aliyechukua si heshima tu, ni sehemu ya kuhakikisha, kwa sababu ukishamtafuta mwenye vidio utamuuliza ulikuwa umesimama wapi, saa ngapi, nini kilitokea kabla uanze kurekodi na baada ya kuzima. Sekunde arobaini hazijui kilichotangulia. Yule aliyekuwa pale ndiye anajua. Kwa hivyo chombo kinachobeba vidio bila kumtafuta mwenyewe kimefanya wizi na uvivu pamoja.

Mama Pipeline nawe nakuheshimu kwa Solai, sikatai hata neno moja, wale majirani waliokoa watu na mimi siwezi kulinganisha hiyo na kazi ya mtu yeyote mwenye kamera. Lakini baada ya maji kukauka kulikuwa na maswali ambayo jirani hangeweza kujibu na tochi: hayo mabwawa yalikuwa na kibali? Nani alikagua? Kesi ikavutana kortini Naivasha miaka, na kila ikiahirishwa kulihitajika mtu wa kuandika imeahirishwa tena, hata kama hakuna mtu anasoma. Hiyo habari ya imeahirishwa tena haipati laiki. Haiwezi kutrendi. Na ndiyo pekee inayomfanya mwenye makosa ajue kuna jicho bado liko kwake. Hapo ndio mimi nadai vyombo vya habari virudi, si kwa kushindana na TikTok nani ameposti kwanza.

Tuongee basi juu ya mwaka wa 2025 kwa sababu pale pande zote mbili zilionekana vizuri. Juni, Albert Ojwang, mwalimu na bloga, anachukuliwa kwao Homa Bay juu ya posti kwenye X iliyomtaja naibu wa inspekta jenerali wa polisi, anapelekwa hadi Nairobi, anafia mikononi mwa polisi kituo cha Central. Polisi wakasema aligonga kichwa ukutani mwenyewe. Hiyo kauli ikabebwa kwa habari kama ilivyo, polisi wamesema, basi. Huo ndio ugonjwa mkubwa wa uanahabari wa kawaida Kenya, taarifa ya polisi inachukuliwa kama ndiyo kilichotokea. Raia walikataa mtandaoni saa hiyo hiyo, wakapiga kelele, hawakulala. Lakini kelele peke yake ingesema tu hatuamini. Kilichovunja ile kauli ni upasuaji wa maiti, madaktari kusema wazi majeraha hayafanani na mtu kujigonga, na wanahabari kusimama pale mochari kuwauliza na kubeba majibu yao nchi nzima. Raia alikataa kunyamaza, daktari akapima, ripota akaandika. Toa mmoja hapo uone kama ukweli ungetoka.

Wiki chache mbele, 25 Juni 2025, Mamlaka ya Mawasiliano ikaamuru stesheni ziache kuonyesha maandamano moja kwa moja, NTV, KTN na K24 zikazimiwa mitambo hadi mahakama ikasimamisha hiyo amri. Ilikuwa ni kama 30 Januari 2018, siku Raila wa upinzani aliapishwa Uhuru Park kama "rais wa wananchi", stesheni kubwa zikakatwa. Tofauti ni kwamba 2025 kuzima TV hakukuzima picha, watu waliendelea laivu kwa simu. Anayesema raia hana kazi anijibu, siku wakizima kila stesheni utajua aje kinachoendelea hapa Kondele?

Na mfano ule unaonipa moyo kabisa ni BBC Africa Eye, Aprili 2025. Walichukua zaidi ya picha na vidio 5,000 za siku waandamanaji waliingia Bunge, 25 Juni 2024, nyingi zimepigwa na watu wa kawaida na zingine na wanahabari, wakapanga saa kwa saa, wakalinganisha majengo na vivuli na nguo, hadi wakaonyesha waliofyatua risasi ni nani. Hakuna raia mmoja angefanya hiyo na bando lake. Na BBC hawangefanya chochote kama wale vijana hawangekuwa wameinua simu huku risasi zinalia.

Webuye Junction

Nimesoma yote. Mimi nina swali moja tu, sisi wa mashinani tukiposti kitu kiwe na kosa dogo tunafungwa, lakini gazeti likikosea linaandika samahani kona ndogo chini. Hiyo haki iko wapi?

Koresponde wa Zamani

Webuye, ni kweli mizani haiko sawa. Ile sheria ya makosa ya kompyuta ilivyopitishwa 2018 ilisema kuchapisha kwa kujua uongo wa kuleta hofu, fujo ama kuharibu jina la mtu kunaweza kukupa faini hadi milioni 5 ama jela hadi miaka 10 ama zote mbili. Neno kubwa hapo ni kwa kujua, lakini ukishakamatwa Ijumaa jioni utaeleza hilo neno Jumatatu. Korti zimetusaidia kiasi, kile kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano kilichokuwa kinakamata mabloga kiliondolewa Aprili 2016, na kashfa kama kosa la jinai ikaondolewa 2017.

Kwa chombo cha habari kuna Baraza la Vyombo vya Habari na tume yake ya malalamiko, sheria ya 2013, unaweza kulishtaki gazeti pale ukajibiwa. Watu wetu hawajui hii. Gazeti likikuandika vibaya usiende tu kulia Facebook, peleka malalamiko kwa maandishi. Lakini peji bila jina utapeleka wapi? Hapo ndio nasema raia akitaka kuheshimiwa aandike kwa jina lake panapowezekana, na pale jina litamletea kifo ampe mtu anayemwamini ambaye yuko tayari kubeba jina. Kulinda aliyekupa habari ni kazi ya zamani ya mwanahabari na hakuna programu imeichukua.

Mama Pipeline

Nimekuelewa Koresponde. Bado nasema mashinani raia ndiye yuko peke yake siku nyingi, hiyo ya kusema mwanahabari atafuatilia ni nzuri kama mwanahabari yuko. Kwetu redio za lugha za mama ndio zimebaki karibu na watu, mtu anapiga simu studio anasema maji yamekatika, mtangazaji anampigia mhusika hapo hapo hewani. Hiyo naipenda kwa sababu raia na mtangazaji wako pamoja na mhusika hawezi kujificha. Ingawa pia tusisahau redio hizo hizo 2007 zililaumiwa kwa kuchochea fujo za uchaguzi, hadi mtangazaji mmoja wa Kass FM akapelekwa mahakama ya kimataifa ya ICC, Hague, kesi ikasitishwa 2016. Kusomea kazi na kuwa na studio si kinga.

Nyalenda B

Kweli mama, na hapo umenisogeza. Nikiwa naandika posti ya kwanza nilikuwa nadai tu vyombo virudi mashinani. Sasa nadai zaidi, hizo redio za lugha, Ramogi, Nam Lolwe, Mulembe, Sulwe, ziwe na mtu mmoja tu ambaye kazi yake ni kufuatilia stori ambazo wasikilizaji wenyewe walileta. Si kusoma salamu. Akae na daftari, kila mwezi arudi hewani: ile daraja mliopigia simu, hivi ndivyo mhandisi amesema. Ile kesi ya kijana wa Nyalenda, imetajwa tarehe hii. Mtu mmoja analipwa mshahara, si kwa stori ikitoka. Gharama ya hiyo si kubwa kushinda gari moja la matangazo.

Kijana wa Obunga

Samahani wakubwa naingilia. Kaka yangu ako na vidio ya maandamano kwa simu ya zamani, polisi wanaonekana, skrini imepasuka na betri haishiki vizuri. Amekuwa akiogopa. Sasa anataka kuitupa kwa TikTok aweke na wimbo watu waone. Nimwambie nini?

Nyalenda B

Kijana, mwambie asiweke wimbo na asikate kitu, hata sekunde. Na asiitume WhatsApp kama vidio ya kawaida, WhatsApp inaibana na zile taarifa za ndani ya faili, saa na mahali, zinaondoka. Simu isiende kwa fundi ambaye hamumjui, akiiflash, yaani aifute yote, imeisha. Tafuta kebo, ichajini ikiwa imelazwa, nakilini faili yenyewe kwa kompyuta na kwa flashi mbili, moja ikae kwa mtu mwingine nje ya hiyo nyumba. Simu pia msiitupe hata ikifa, ndiyo faili ilizaliwa ndani yake.

Halafu akae chini aandike kwa karatasi kwa mkono wake: alikuwa amesimama wapi, saa ngapi, aliona nini kabla na baada, nani mwingine alikuwa hapo. Aweke tarehe na sahihi. Korti zetu zinataka cheti kwa ushahidi wa kielektroniki, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kwa hivyo siku ikifika lazima kuwe na mtu anayeweza kusema hii faili ilitoka wapi na ilipita mikono ya nani. Kisha ndio mwende IPOA, ile mamlaka huru ya kusimamia polisi, msiende bila wakili ama watu wa haki za binadamu, Kisumu wako. Kama anataka ripota aione, aonyeshwe nakala, na msimwachie hadi akubaliane nanyi kuhusu sura na jina la kaka yako.

Ukishanakili niambie hapa kwamba imefanyika, usiseme kitu kingine chochote hadharani, na msitaje mtaa wala siku ya hiyo vidio kwa hii uzi.